Kabla Hujanunua Mashine ya Kukausha kwa Kugandisha

Tangu nianze kuuza maembe makavu yanayovunjika kama biskuti, watu hawaniulizi bei ya pakiti, wananiuliza bei ya mashine. Inatisha, ndiyo: hata zile ndogo za nyumbani kutoka Marekani ni zaidi ya dola 2,000, bado usafiri na ushuru. Lakini bei ya kununulia unailipa mara moja tu. Mimi ningekuuliza kwanza unataka kukausha nini.

Mashine hugandisha chakula hadi nyuzi 30 au 40 chini ya sifuri, pampu ikavuta hewa, halafu trei zikapashwa joto taratibu. Kwa vile hewa imekwisha, barafu haiyeyuki kuwa maji, inageuka mvuke moja kwa moja na kutoka. Ndiyo maana embe halisinyai. Rangi, harufu na sehemu kubwa ya vitamini C vinabaki, jambo ambalo jua haliwezi.

Sasa hesabu. Kilo 4 za embe lililomenywa na kukatwa hukaa humo saa 24 hadi 36 na kula uniti 25 hadi 30. Kwa uniti ya shilingi 350 hivi, umeme peke yake ni kama 10,000. Unachotoa ni gramu 650 au 700, maana zaidi ya asilimia 80 ya embe ni maji. Ukipaki gramu 50, kila pakiti imeshabeba umeme wa shilingi 700 na ushee kabla hujahesabu embe, mfuko, oili ya pampu na kibarua.

Kwa hiyo matembele, kisamvu na dagaa usiviingize humo. Wasukuma wanakausha michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyoanikwa) bila uniti hata moja, na vinakaa. Mboga za majani zinatosheka na kaushio la jua la mbao na nailoni, mradi majani yawe kivulini, kwa sababu jua kali likiyapiga moja kwa moja linapunguza sana vitamini A. Mashine iachie vitu ambavyo jua linaviharibu na mteja yuko tayari kuvilipia: stroberi za Lushoto, embe, nanasi.

Vingine havifai kabisa. Asali na jamu hubaki zinanata. Parachichi na nyama yenye mafuta hukauka, lakini mafuta hayatoki pamoja na maji, na baada ya muda yanaanza kunuka. Nyama mbichi na maziwa mabichi yana hatari nyingine: baridi na ukavu haviui vijidudu kama salmonela. Vinalala tu, ukitia maji vinaamka. Pika kwanza, au mwambie mteja wazi kwamba lazima apike.

Na umeme ukikatika katikati ya kazi? Ukikaa muda mrefu bila kurudi, barafu iliyobaki inayeyuka, vipande vinalainika na kushikana, na huwezi kuvirudisha. Kama mtaani kwenu umeme ni wa mgawo, weka na jenereta kwenye hesabu.

Wengi wanapotezea kwenye kufungasha. Tunda lililokaushwa hivi lina vitundu vingi vidogo na linavuta unyevu kwa pupa. Acha kipande mezani Dar es Salaam wakati wa masika, muda si mrefu kinavutika kama mpira. Kabla ya kutoa mzigo vunja kipande kinene: kati pakiwa baridi, barafu bado imo. Mimi napima trei kwa mizani, nairudisha ndani kwa muda wa saa 2, napima tena. Uzito usiposhuka, imekauka. Hapo hapo naingiza kwenye mifuko ya foili pamoja na kifuko cha kufyonza oksijeni, na kubana mdomo kwa moto. Mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani unapendeza dukani, lakini mwanga na unyevu vinapita. Ile miaka 25 ya kukaa bila kuharibika inayotangazwa na wauza mashine ni ya foili isiyofunguliwa, iliyotunzwa mahali pa baridi, wala si ya kila chakula. Stoo zetu zina joto, mimi pakiti zangu naandika mwaka 1.

Kama bado unaitaka, tafuta mwenye nayo akukaushie mzigo mmoja wa tunda lako kwa malipo. Peleka pakiti hizo madukani kwa bei halisi, yenye umeme ndani yake, uone kama wenye duka watakupigia simu kuagiza tena.