Namba tasa pacha: kwa nini katikati yao pana kigawe cha 6?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu yuko darasa la sita, wamefundishwa namba tasa, zile zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu. Juzi usiku tulikaa mezani tukaziorodhesha, tukaona nyingine zinakaa mbilimbili: 11 na 13, 17 na 19, 29 na 31. Namba ya katikati kila mara inagawanyika kwa 6. Imetokea tu, au kuna sababu? Halafu mwanangu anauliza kama jozi hizi zina mwisho. Sikuwa na jibu.

JIBU: Marahaba. Sababu ipo, na kwenu mmeshafika karibu nayo.

Jozi hizo huitwa namba tasa pacha: tasa mbili zilizopishana kwa 2. (Jina linachekesha kidogo, lakini kuwa tasa hakumzuii mtu kuwa na pacha wake.) 2 na 3 hazimo, maana zimepishana kwa 1.

Sasa chukueni 17, 18, 19. Katika namba tatu zinazofuatana, lazima moja iwe kigawe cha 3. Ya pembeni haiwezi: ingegawanyika kwa 3 isingekuwa tasa, isipokuwa iwe 3 yenyewe. Basi mzigo unaiangukia ya katikati. Tena za pembeni ni witiri, kwa hiyo ya katikati ni shufwa. Shufwa inayogawanyika kwa 3 inagawanyika kwa 6. Jozi inayoponyoka ni moja tu, 3 na 5, kwa kuwa 3 imo ndani yake. Hoja ya aina hiyohiyo inaonyesha kwa nini 3, 5, 7 hazina wenzao: popote pengine, namba tatu zilizopishana kwa 2 zitakuwa na kigawe cha 3 ndani yake.

Ila msiigeuze kanuni. Kigawe cha 6 kinawaambia mahali pa kutafuta, hakiwaahidi kupata. Kandokando ya 24 kuna 23, ambayo ni tasa, na 25, ambayo siyo. Kandokando ya 120 zote mbili zinaanguka: 121 ni 11 × 11, na 119 ni 7 × 17. Hiyo 119 ina sura ya utasa kweli. Nimeipiga kosa kwenye madaftari mengi.

Mwanao atapenda na hili: 17 × 19 ni 18 × 18 toa 1, yaani 323. Zao la pacha yoyote hupatikana hivyo.

Kuhusu mwisho, mwambie kauliza swali ambalo hadi leo hakuna aliyelijibu. Kwamba namba tasa hazina mwisho, Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alithibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Pacha ni kesi nyingine. Chini ya 100 kuna jozi 8, chini ya 1,000 kuna 35, chini ya 1,000,000 kuna 8,169. Zinazidi kuadimika, na kuhesabu peke yake hakuwezi kutuambia kama zitakoma.

Mwaka 2013 Yitang Zhang, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha New Hampshire, Marekani, ambaye hakuwa na jina kubwa, alithibitisha kwamba jozi za tasa zilizopishana kwa chini ya 70,000,000 hazina mwisho. Pengo hilo ni kubwa mno, lakini kabla yake hakuna aliyekuwa ameweka kikomo chochote. Ndani ya mwaka mmoja hivi wengine walilishusha hadi 246. Kutoka hapo kufika 2 ndiko kazi ilikokwama.

Pacha hawa waliwahi hata kuumbua kompyuta. Mwaka 1994 Thomas Nicely, mwalimu wa hisabati huko Virginia, alikuwa akijumlisha 1/3 + 1/5, kisha 1/5 + 1/7, kisha 1/11 + 1/13, na kuendelea. Majibu hayakulingana. Alipofuatilia, akakuta chipu ya Pentium yenyewe, ile inayofanya mahesabu ndani ya kompyuta, inakosea kugawanya. Intel, kampuni iliyoitengeneza, walilazimika kukubali kuwabadilishia wateja.

Kwa usiku mwingine mezani: kati ya 100 na 200 kuna vigawe 17 vya 6. Kagueni pande zote mbili za kila kimoja. Mtapata jozi 7 za pacha, ya kwanza 101 na 103, na vigawe vitatu ambavyo pande zote mbili si tasa. Kimoja, 120, nimeshawapa.