Kabaidi chakavu: usiipandishe kwenye mizani ya chuma

Mkuu, umeuliza kuhusu ndoo ya kabaidi iliyojaa hapo karakana kwenu Mbeya: vipande vya kukatia vya mashine ya kukereza, biti za kutobolea mwamba kutoka Chunya, na bledi za msumeno kutoka Mafinga. Mnunuzi wa skrepa anataka kuzoa vyote kwa bei ya chuma na nyongeza kidogo. Usimuuzie. Mzigo uliochanganyika hupimwa kwa kile kibovu kilichomo, kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuuchambua kabla hujamwita mtu yeyote.

Nazungumzia ile kabaidi ngumu ya kukatia chuma na mwamba, si ile ya kutengenezea gesi. Ni tangsteni na kaboni, vimeshikanishwa kwa kobalti ambayo mara nyingi ni kati ya asilimia 6 na 15. Kinacholipiwa ni tangsteni na kobalti, na bei zake zinatoka soko la dunia. Sehemu kubwa ya tangsteni inachimbwa China, na Februari 2025 nchi hiyo iliweka udhibiti wa kuuza nje baadhi ya bidhaa za tangsteni. Bei ikapanda sana mwaka huo. Anayekutajia bei ya miaka mitatu nyuma kama ndiyo "bei ya soko" anakupunja.

Anza na sumaku. Kabaidi huvutwa kwa unyonge tu, kwa ajili ya kobalti. Kipande kinachorukia sumaku na kung'ang'ania ni chuma, hata kama kina rangi ya dhahabu kama vipande vya kabaidi. Kisichovutwa kabisa huenda ni seramiki, weka pembeni. Ukibaki na shaka, kiguse kidogo kwenye grinda: chuma hutoa cheche ndefu za manjano, kabaidi hutoa chache, fupi, nyekundu iliyofifia. Gusa tu, usisage. Vumbi lake lina kobalti na linaharibu mapafu moja kwa moja, kwa hiyo vaa barakoa nzuri na usiruhusu mtu kusaga kabaidi kavu ndani ya chumba.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha maji, na hakihitaji zaidi ya mizani ndogo ya kidijiti inayosoma gramu 0.1. Pima kipande kikavu. Tuseme ni gramu 150. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza kipande kwa uzi kizame chote bila kugusa chini wala ukingo. Mizani ikisoma 10.2, gawanya 150 kwa 10.2: unapata 14.7, hiyo ni kabaidi. Chuma cha uzito huohuo kitasoma karibu 19, maana uzito wake ni gramu 7.8 hivi kwa sentimita moja ya ujazo. Kuna vipande vya kukatia vilivyotengenezwa kwa titani badala ya tangsteni, vinafanana kabisa kwa macho, ila hesabu yake huangukia 6 au 7. Hivyo havina bei ya kabaidi, na vichache tu vikionekana ndani ya mzigo vinampa mnunuzi sababu ya kushusha vyote. Vipande vidogo funga kadhaa vya aina moja pamoja, na vitikise majini mapovu yatoke.

Ukishatambua, tenga mafungu. Vipande vya kukatia vinavyofungwa kwa skrubu, visafi, ndivyo kwa kawaida hupata bei ya juu pamoja na drili za kabaidi tupu. Toa skrubu zote. Osha kwa mafuta ya taa, kausha kabisa. Mafuta na maji mnunuzi atayakata, na atayakata kwa makadirio yake.

Biti za mwamba ndizo watu wanaibiwa zaidi. Biti nzima ni kilo kadhaa za chuma, kabaidi ni vile vitufe tu. Vihesabu: kitufe cha kipenyo cha milimita 14 na urefu wa milimita 20 kina takribani gramu 40. Biti yenye vitufe 14 ambavyo havijalika sana ina zaidi ya nusu kilo ya kabaidi. Ukijua hilo, utaona mara moja kama bei ya "biti nzima" ni ya haki. Kuvitoa, usigonge kwa nyundo vikiwa baridi. Vinapasuka na vigae vinaruka machoni. Vingi vimeshindiliwa bila kuchomelewa, na chuma hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya kabaidi, kwa hiyo pasha mwili wa biti, si kitufe, mpaka kilegee. Kabaidi ikikaa kwenye moto mkali huota ganda la manjano na kubomoka. Iache ipoe yenyewe. Ukiitia majini inapasuka.

Meno ya bledi za Mafinga yamechomelewa kwa fedha au shaba. Pasha kiungo, kikiyeyuka sukuma jino kwa waya, na fanya nje penye upepo, kwa sababu baadhi ya fedha za kuchomelea za zamani zina kadimiamu na moshi wake ni sumu. Meno haya weka fungu lake. Yatalipwa chini kidogo kwa ajili ya mabaki ya shaba. Kama bledi ni chache, gesi itakula faida. Subiri zifike nyingi.

Kuhusu bei: omba kwa wanunuzi wasiopungua watatu, siku ileile, kila fungu peke yake, kwa kilo. Orodha nyingi za Marekani zinataja dola kwa ratili. Zidisha kwa 2.2 upate ya kilo kabla hujalinganisha. Huwezi kupata bei ya nje ukiwa Mbeya, kuna usafiri na faida ya kila mkono, lakini karakana tatu nne za Mbeya, Makambako na Iringa zikiunganisha mzigo mnaweza kuzungumza na mnunuzi wa Dar bila dalali. Mnunuzi akitumia mashine ya kusoma madini, mwambie avunje kipande au akwangue kwanza. Mashine inasoma uso tu, na ule mpako wa dhahabu una titani, kwa hiyo jibu linaweza kukuumiza bure.

Pima mwenyewe kwanza, kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo. Fungasha kwenye madumu ya lita 5, si ndoo ya lita 20: ndoo hiyo ikijaa inapita kilo 100 na mpini wake hautabaki. Andika uzito juu ya kila dumu, piga picha, funga kwa sili. Mwakilishi wako asimame pale linapofunguliwa. Biti zilizotoka mgodini ziwe na barua ya mgodi, maana bila hiyo unaweza kuambiwa ni za wizi. Dai risiti ya EFD, na mzigo usipakiwe kabla pesa haijasoma kwenye akaunti.