"Ukungu wa bakteria" au "utando wa vimelea"?

Swali: Msomaji wa Temeke, Dar es Salaam, anayetafsiri maelezo ya afya kwa wagonjwa, anauliza kama lile tabaka la bakteria na fangasi linaloota kwenye mipira ya mkojo na meno ya bandia, ambalo wataalamu huliita bayofilamu, linafaa kuitwa "ukungu wa bakteria", na kama peptidi zinazotafitiwa ili kulitibu ziitwe antibayotiki.

Jibu: Sishauri neno ukungu, kwa kuwa ukungu, kama ule unaoota juu ya mkate uliolala, ni fangasi wenyewe, na "ukungu wa bakteria" huwachanganya viumbe wawili tofauti. Neno linalofaa ni utando. Pitisha kidole ndani ya dumu la maji lililokaa wiki nyingi bila kusuguliwa: ule utelezi ulioshika ukutani, usiotoka kwa kusuuza tu, ndio utando tunaousema. Kinywani unalo hata jina lake la siku zote, ukoga, ingawa jina hilo haliendi mbali zaidi ya meno.

Utando wa nani, basi? "Utando wa bakteria" hutaja nusu ya wakazi wake. Katika utando mchanganyiko, Candida albicans, ambaye ni fangasi, huotesha nyuzi ndefu, na bakteria Staphylococcus aureus hujishikiza kwenye nyuzi hizo. Ute unaowafunika wote huzifanya dawa ziwafikie kwa shida. Wahudumu wa afya wameshazoea kusema "usugu wa vimelea dhidi ya dawa", ambapo neno vimelea huwabeba bakteria na fangasi pamoja, kwa hiyo andika utando wa vimelea.

Kwa hoja hiyohiyo, antibayotiki halifai, maana hospitalini hutajwa kwa dawa za bakteria. Peptidi hizi ni minyororo mifupi ya asidi amino, yaani vijenzi vya protini, na mwili wetu hutengeneza baadhi yake: histatini 5 ya kwenye mate, yenye asidi amino 24, huua Candida, na LL-37, yenye asidi amino 37, hushambulia bakteria na fangasi pia. Ziite peptidi za kuua vimelea. Kitenzi hicho usikiache. Tunasema "dawa ya panya" na hakuna anayedhani panya anatibiwa, lakini "peptidi za vimelea" zingeeleweka kuwa zimetolewa na vimelea, na kweli wapo bakteria wanaotengeneza peptidi zao.