Mtoto wetu amefariki kituoni: je, tulikosea wito?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mume wangu ni mwinjilisti. Mwaka jana tulihamishiwa mtaa wa mbali sana, na mwezi uliopita malaria imetuchukulia mtoto wetu wa miaka minne. Ndugu wanasema hiyo ni dalili kwamba Mungu hakututuma. Mume wangu ameshaandika barua ya kuacha kazi. Tufanyeje?

JIBU: Milele amina, dada yangu. Poleni, poleni sana.

Wanafunzi nao walimuuliza Bwana habari za yule kipofu: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Jibu limo katika Yohana 9:3: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Ndugu zenu wasiwatwishe msiba kama hukumu.

Yupo askofu ninayemkumbuka kila nikiitwa kwenye msiba wa namna hii. James Theodore Holly alizaliwa Washington mwaka 1829, mtoto wa Wamarekani weusi walio huru, akawa fundi viatu. Alipata upadre mwaka 1856 katika Kanisa la Episkopali la Marekani, ambalo ni ndugu wa Anglikana yetu. Mwaka 1861 aliongoza watu wapatao 110 kuhamia Haiti, nchi ya weusi waliojikomboa wenyewe, akiamini ndiko Mungu anakomtuma. Mwaka haujaisha, homa ya manjano na malaria zikamwondolea mama yake, mkewe, watoto wake wawili na wenzake 39. Hesabu, dada yangu: makaburi 43. Wengi wa waliosalia waliondoka. Yeye alibaki, na watoto wawili wadogo mkononi.

Sisemi Mungu aliwaua wale ili Holly aje kuwa askofu. Anayesema hivyo matangani namsihi anyamaze. Nasema tu kwamba vifo vile havikuufuta wito wake. Tarehe 8 Novemba 1874, jijini New York, aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Haiti, mtu mweusi wa kwanza kupewa uaskofu katika Kanisa lile. Mwaka 1878 alihubiri Westminster Abbey, London, akamwomba Kristo awakumbuke, atakapokuja katika ufalme wake, watu wa kabila la Simoni Mkirene aliyembebea msalaba. Kila nikiisoma sala ile namwona mtu aliyezika wanne wa nyumba yake. Alifia Port-au-Prince mwaka 1911.

Lakini Holly naye aliwahi kurudi Marekani kuomba msaada, ndipo akavuka bahari tena. Kwenda nyumbani kuomboleza si kuukimbia wito. Barua msiipeleke sasa. Nendeni kwa askofu wenu, mwombeni likizo mkae na wazee, na mwulizeni waziwazi habari za zahanati na vyandarua huko mtaani, maana kuitwa na Mungu hakumzuii mzazi kudai dawa.

Nami niandikieni jina la mtoto, nimtaje kwenye Ekaristi Jumapili hii.