Re: Bushi ya shafti ya boti inaisha upesi, niweke bronzi ya kufua?

Salaam mkuu. Nimekuelewa hivi: boti iko Bagamoyo, bushi ya shafti ya propela (kile kipande cha mviringo ambamo shafti inazungukia) inalika kila baada ya miezi michache, na fundi anakushauri uagize kipande cha bronzi ya kufua, yaani shaba iliyochanganywa na metali nyingine ikapigwa nyundo au kukandamizwa kwa presi. Mimi natunza boti huku Tanga. Usitoe hela kwanza.

Ichukue bushi ya zamani uitazame. Ikiwa imelika upande mmoja tu, mara nyingi shafti na injini hazijakaa mstari mmoja, na hapo hata ukiweka dhahabu italika. Halafu ikwangue kwa kisu. Ukiona rangi ya waridi na inamomonyoka, ilikuwa brasi, yaani shaba na zinki, siyo bronzi: maji ya chumvi yameinyonya zinki, imebaki shaba yenye vitundu. Dukani zote zinang'aa, wewe utajuaje?

Bronzi ya kufua ni nzuri kweli. Nyundo au presi inaziba matundu ya hewa yanayobaki kwenye ile ya kumimina (inayoyeyushwa na kumwagwa kwenye kalibu), ndiyo maana inatumika kwa vali, gia na shafti za pampu. Ila inayofuliwa sana ni ya alumini, kama asilimia 9 au 10 hivi, nayo ni ngumu. Shafti yako ikiwa laini, kitakacholika ni shafti. Bei yake unaijua.

Kwa bushi mimi huweka bronzi ya shaba na bati, ya kumimina, ikakerezwa na kutiwa mifereji ya kupitisha maji. Shafti yako sijaiona, tupia picha.