Shangazi, mwimbaji wetu kila mara anakaukiwa sauti. Tumwondoe?

*Shangazi, shikamoo. Naongoza bendi ya watu saba hapa Sinza, mwenyewe napiga gitaa la solo. Tunapiga baa Ijumaa hadi Jumapili, saa tatu usiku hadi saa nane. Mwimbaji ni dada mmoja tu, na watu wanamfuata yeye. Tangu mwaka huu uanze, akipata mafua sauti inakauka, anajikaza kuimba, kisha inapotea kabisa. Ikirudi kidogo, inakata tena. Ametumia antibayotiki, asali, tangawizi, wapi! Mwenye baa anatukata hela, wenzangu wanataka tutafute mwingine, naye anasema tunamchukia. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu.

Mafua anayopata yanampata kila mtu. Kisichopona ni koo, kwa sababu halipewi muda. Nyuzi za sauti ni vikunjo viwili vidogo ndani ya koromeo. Mwanamke akiongea tu vinagongana kama mara 200 kwa sekunde, na akipanda juu kwenye kibwagizo vinapita 400. Mafua yakivivimbisha havifungi sawasawa, pumzi inavuja, naye anasukuma zaidi ili asikike, basi uvimbe unaongezeka. Hapo ndipo damu huweza kuvilia, au baada ya miezi vikaota vinundu.

Kwa hiyo siku ya shoo, saa kumi jioni, mwambie aimbe kibwagizo chochote anachokijua, juu kabisa lakini kwa sauti ndogo kama anayembembeleza mtoto. Pua ikiwa imeziba lakini sauti inatoka safi, ataimba. Ikichelewa kutoka, ikitanguliwa na pumzi tupu, au ikikatika mahali ambapo kwa kawaida haikatiki, usiku huo haimbi. Akae kimya siku mbili tatu, na asidhani kunong'ona ndiyo kupumzika, maana wengi wakinong'ona hukaza koo vilevile.

Dawa nyingi mlizojaribu hazifiki panapouma. Antibayotiki haziui virusi, na mafua ni virusi. Asali inalainisha koo, lakini kinachomezwa hupita njia ya chakula, hakigusi nyuzi za sauti. Peremende kali za menthol zinampa ubaridi unaoficha maumivu, aendelee kujiumiza bila kujua. Akiumwa kichwa atumie parasetamoli. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni azikwepe siku za kuimba, kwani zinaweza kurahisisha damu kuvuja kwenye nyuzi zilizovimba. Maji anywe kutwa nzima, asisubiri kupanda jukwaani. Mvuke wa maji matupu dakika kumi unasaidia, sufuria ikiwa mezani, si mapajani.

Halafu muulize anakula nini mkimaliza. Chipsi mayai na bia saa nane usiku, kisha kitandani, ni njia ya uhakika ya kupandisha tindikali ya tumbo hadi kooni. Akiamka na sauti nzito, makohozi na uchungu mdomoni, shuku hilo, na tangawizi na pilipili vinaweza kulichochea. Ale saa kumi na mbili jioni, asilale mpaka zipite saa tatu tangu ale, na kichwa cha kitanda kiinuliwe sentimita 15 kwa vipande vya mbao. Mito haitoshi.

Sasa jukwaa lenu. Mwimbaji asiyejisikia hupiga kelele bila kujua. Akiwa anaziba sikio kwa mkono ili ajisikie, monita, ile spika ya kumrudishia sauti yake, haifanyi kazi. Iwekwe miguuni mwake, nyuma ya maiki, imwelekee usoni. Fundi mitambo aondoe magitaa humo, aache sauti yake na kinanda kidogo. Maiki iwe vidole viwili kutoka midomoni. Na ampu yako ya solo ipandishe juu ya kiti, ielekee sikio lako wewe. Ampu nyingi zikiwa sakafuni, sauti yake hupiga magoti ya mpigaji na masikio ya mwimbaji. Utaipunguza bila kuambiwa.

Saa tano kwa koo moja ni nyingi mno. Gawa usiku awamu nne za dakika 45: ya kwanza iwe ya ala tupu watu wakila, tatu zake ziwe na sebene ndefu. Wa besi na wa rizimu wajifunze kuimba nyimbo sita kila mmoja. Tafuta pia mwimbaji wa kukodi anayejua nyimbo 12 zenu, alipwe kutoka mfuko wa bendi. Usikate fungu la mgonjwa lote: dada huyu anaimba akiumwa kwa sababu asipoimba hali. Kubalianeni kwamba akitoa taarifa mara tu baada ya kujipima saa kumi jioni, anapata nusu. Na mwenye baa ajue mpango huo mapema, asishtukizwe saa tatu usiku.

Ukavu ukizidi wiki tatu, aende kwa daktari wa masikio, pua na koo, Muhimbili wapo, atazamwe koromeo kwa kamera. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku au kukonda, apimwe kifua kikuu. Hospitali za serikali wanapima bure. Sauti ikikata ghafla katikati ya wimbo, anyamaze palepale na aonwe haraka. Akikohoa damu au akishindwa kupumua vizuri, ni hospitali usiku huohuo.

Kuhusu kumchukia, zungumza naye Jumanne, ninyi wawili, si mbele ya bendi. Nenda na habari ya ile nusu ya malipo kwanza. Kisha muulize nyimbo zipi zinamuumiza, mzishushe nusu toni au toni nzima. Usishangae akitaja zile ulizozitunga wewe, kwa kimo cha sauti kinacholifaa gitaa lako.