Sijaacha pori, nimeacha kulala chini

Saa tisa usiku, mkojo umenibana, nami nimepiga magoti mlangoni mwa hema kama mtoto anayejifunza kutambaa. Zipu imeng'ata kitambaa, haiendi mbele wala nyuma. Goti la kulia limekalia kijiwe ambacho mchana sikukiona. Mke wangu akauliza kutoka ndani ya mfuko wake wa kulalia, "Unatafuta nini hapo?"

"Natafuta namna ya kusimama."

Alicheka mpaka usingizi ukamruka. Mimi nilicheka kesho yake, tena baada ya chai.

Nilikuwa na miaka 57. Nilianza kulala kwenye mahema nikiwa na ishirini na kitu, enzi ambazo kipande chembamba cha sponji kilitosha, na kisipokuwepo hatukuulizana. Kwa hiyo kiuno kilipoanza kukamata kila asubuhi, nililaumu kila kitu isipokuwa umri: mteremko, mizizi, hema lenyewe. Nikanunua godoro nene la kujaza upepo. Kufika alfajiri limenywea na nyonga yangu iko ardhini. Nikajua limetoboka. Nikalizamisha majini kutafuta mapovu, wapi, halikuwa na tundu hata moja. Kumbe ni baridi tu: hewa uliyoijaza jioni kukiwa na joto husinyaa usiku unapopoa. Siku hizi nalijaza mapema, naliacha lipoe, kisha naliongeza upepo dakika chache kabla sijalala.

Jambo la pili nililojifunza kwa kutetemeka ni kwamba unene wa godoro haumaanishi joto. Godoro lenye hewa tupu ndani huacha joto la mwili lishuke ardhini. Magodoro mengi ya kambi huandikwa namba ya R, na kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo baridi ya chini inavyozuiliwa. R ya 1 au 2 ni ya msimu wa joto. Usiku ukiwa wa baridi nataka 4 kwenda juu. Uzuri wake ni kwamba namba hizi hujumlishwa. Sponji ya R 2 ukiitandika chini ya godoro la R 3, umepata 5 bila kununua kitu kipya. Kile kipande changu cha ujanani bado kina kazi, basi.

Kwenye mfuko wa kulalia, soma lebo vizuri. Mara nyingi kuna viwango zaidi ya kimoja vya joto, na wauzaji wengine hutangaza kile cha chini kabisa kwa sababu kinavutia. Hicho cha mwisho ni cha kunusurika, si cha kulala. Wewe mwenye umri wangu angalia kile cha starehe, kisha ongeza nyuzi kadhaa juu yake. Misuli huchangia kutengeneza joto letu, na misuli hupungua miaka ikienda.

Lakini yote hayo yalikuwa kuzungukazunguka. Shida yangu haikuwa kulala, ilikuwa kuamka. Kuinuka kutoka ardhini, gizani, viungo vikiwa vimepoa, ni kazi ngumu kuliko kupanda kilima mchana. Kilichoniokoa ni kitanda cha kukunja, tena si kila kitanda. Cha kwanza kilikuwa na kimo cha kiganja tu, kikaniacha pale pale kwenye kutambaa. Kabla hujanunua, kaa ukingoni: nyayo zigusane na sakafu, magoti yasipande juu ya nyonga. Changu kina kama sentimita 45, sawa na kiti cha kawaida. Kitanda cha kimo hicho kinadai hema refu, la kusimama wima, na hilo ni zito, kwa hiyo kambi za kubeba vyote mgongoni nimeziaga. Na usidanganyike kwamba ukishaachana na ardhi umeachana na baridi. Upepo unapita chini ya kitanda, kwa hiyo godoro bado linahitajika juu yake.

Watu hunishauri nipande hema la juu ya gari. Ngazi, usiku, mkojo umebana? Hapana, asante.

Tukirudi kwenye huo mkojo: ukitembea kutwa, maji hukusanyika miguuni, na ukijilaza yanarudi kwenye damu, figo zinaanza kazi saa ambayo wewe unaanza usingizi. Saa moja ya kuinua miguu alasiri imenipunguzia safari za usiku kuliko kujinyima maji. Kama unameza dawa za kukojosha, muulize daktari kuhusu saa za kuzimeza, usizihamishe mwenyewe. Nimefunga vitambaa vyeupe kwenye kamba za hema, kwa sababu niliwahi kujikwaa na kuangukia mkono. Na hata baridi ikizidi vipi, jiko la mkaa haliingizwi hemani. Gesi yake isiyoonekana wala kunuka inaua.

Mwaka jana nilimpa binti yangu hema dogo. Nililikunja mwenyewe, nikahesabu vigingi mara mbili, nikamweleza ile zipu inavyotaka kubembelezwa. Iliniuma, sitasema uongo. Sasa tukisafiri siku nne, tunalala hemani usiku mmoja na kwenye kibanda cha mbao usiku miwili, na hakuna anayetuuliza.

Safari iliyopita niliamka tena saa tisa. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikasimama mara moja, nikatoka. Nilipomaliza sikuwa na haraka ya kurudi ndani, nikabaki nje nikiangalia nyota mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi kwa baridi.